Umri wa Siku Ile

Katika miaka kumi na minne ya kazi, Inspekta Habakuki Shemweta alikuwa amekutana na wakanaji wa kila namna. Kuna waliokana kwa kulia, kuna waliokana kwa kuapa misahafu yote, na kuna mmoja aliyekana hata jina lake huku mama yake mzazi akimwita dirishani. Lakini mtu wa kukiri kosa la kifo huku anatabasamu, huyo alikuwa hajamwona. Mwinjuma alikuwa wa kwanza, na tabasamu lake lilimkera Habakuki kuliko uongo wa wale wengine wote.

"Ghala nilichoma mimi," Mwinjuma alisema, mikono juu ya meza kama mwanafunzi anayejua jibu. "Ilikuwa mwezi wa nane, mwaka wa sabini, asubuhi ile wari walipotoka jando. Nilichukua kijinga cha moto pale kumbi la jando lilipokuwa linachomwa, nikakitupa juu ya paa la ghala la kijiji. Mzee Sadala mlinzi alikuwa amelala ndani. Sikujua kama yumo."

"Ulimchukia mzee Sadala?"

"Hapana. Alikuwa ananipa mihogo."

"Basi kwa nini?"

"Ujinga wa utoto, afande."

"Siku ile ulikuwa na miaka mingapi?"

"Kumi na miwili," alijibu swali likiwa halijatua. "Na sheria inatazama umri wa siku ile, si wa leo. Mtoto hapelekwi kitanzini."

Habakuki aliweka kalamu chini. Kijana huyu alikamatwa wiki tatu zilizopita huko Mpale, milimani, alikokuwa akichuma iliki kwenye shamba la mjane mmoja kwa miaka sita bila kurudi kwao Kang'ata hata siku moja. Mtu wa kwao aliyekwenda kununua iliki ndiye aliyemtambua kuwa ni yule aliyetafutwa tangu siku ya moto. Darasa lake liliishia la tano. Sasa hapa kituoni Korogwe alikuwa anamfundisha inspekta sheria.

"Nani amekufundisha maneno hayo?"

"Watu wanajua," Mwinjuma alisema, na kwa mara ya kwanza akatazama pembeni.

Alipokuwa anarudishwa mahabusu, Koplo Abdi, mwenye zamu, alimnong'oneza Habakuki mlangoni. "Huyo, afande, ana maringo. Wenzake wakienda kuoga bombani yeye anabaki. Anataka ndoo yake peke yake, chumba chake peke yake. Kwani amezaliwa Ikulu?"

Habakuki alikuwa na tabia iliyowachekesha wenzake: kila alichoambiwa alikiandika, hata kama ni habari ya ndoo. Aliiandika.

*

Siku ya Jumatano asubuhi alikuwa Handeni, mbele ya hakimu wa wilaya, Bwana Laurenti, mzee mwembamba aliyependa kusema pole pole ili asirudie.

"Ameshakiri mbele ya hakimu mwenzangu kule kwenu," Laurenti alisema. "Kwa hiyo sikuulizi kama alichoma. Nakuuliza jambo moja tu: siku ile alikuwa nani? Mtoto au mtu mzima?"

"Yeye anasema mtoto, mheshimiwa."

"Kila anayeogopa kamba anasema mtoto. Sasa tazama hizi." Alisukuma karatasi mbili. Moja ilikuwa na sahihi ya Isihaka, mwenyekiti wa kijiji, mjomba wa mshtakiwa. Nyingine ilikuwa na alama ya dole gumba la Swaumu, mama yake. Zote mbili zilisema neno moja: mwaka wa sabini Mwinjuma alikuwa na miaka kumi na minane, na mwaka uliotangulia alikuwa ameshapita jando. "Cheti cha kuzaliwa hakuna. Mjomba na mama ndio cheti chake."

"Na mheshimiwa akiridhika kuwa alikuwa mtoto?"

"Kesi ya mtoto mbele yangu itabaki kuwa ya mtoto, hata kama mwenyewe ameota ndevu akiisubiri. Nitakaa faraghani. Nitamtuma afisa wa ustawi wa jamii mpaka kwenye nyumba aliyolelewa, aulize alilelewa na nani, na nani alikuwa anamtuma wapi. Lakini nikiwa na karatasi hizi tu, jalada linakwenda Mahakama Kuu, Tanga, na huko ataingia kama mtu mzima aliyemuua mtu na kukiri." Alifunga jalada. "Ijumaa saa nne, Inspekta. Sitaongeza siku."

Habakuki alizisoma karatasi zile mara mbili akiwa ndani ya Landrover. Alikuwa amewahi kuona ndugu wakimpunguzia kijana wao miaka ili aokoke, mpaka mtu mwenye mvi anaitwa mtoto. Ndugu wa kumwongezea kijana wao miaka ili anyongwe, hao walikuwa wapya kwake.

*

Kijiji cha ujamaa cha Kang'ata kilikuwa kimepangwa mistari miwili, nyumba zikitazamana ng'ambo ya barabara ya vumbi. Isihaka alimpokea uani kwake. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na ushei, amefunga vifungo vya shati lake la Chama mpaka shingoni, na sauti yake ilizoea mikutano.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, Ndugu Inspekta. Karibu kiti. Swaumu, mlete mgeni maji."

Mwanamke aliyekuwa akimenya mihogo ukutani aliinuka. Alipomkabidhi kikombe, Habakuki aliliona dole gumba lake la kulia: kovu la zamani lilikuwa limelipasua katikati, kutoka ncha mpaka kifundo.

"Pole na shughuli, mama. Shikamoo."

"Marahaba, baba," alisema, akarudi kwenye mihogo yake.

"Nimekuja kwa ajili ya umri wa Mwinjuma," Habakuki alianza.

"Nimeshaandika." Isihaka alitikisa kichwa kwa masikitiko yaliyopangika vizuri. "Mtoto wa dada yangu, damu yangu. Lakini kiongozi hawezi kuficha ukweli. Alikuwa mtu mzima, ana miaka kumi na minane. Alichelewa hata jando. Alitoka mwaka wa sitini na tisa, wenzake wote wadogo, yeye ameshaota ndevu."

"Ulikuwepo?"

"Nikosekane? Mimi ndiye niliyemshika mbele ya ngariba. Kwetu Uziguani mjomba ndiye anayemshika mtoto. Baba anaweza kukosekana, mjomba hakosekani."

"Na mwaka uliofuata, mwaka wa moto, mkuu wa kumbi alikuwa nani?"

"Mimi," alisema, na kifua kikatangulia. "Miaka sita mfululizo."

"Kwetu Usambaani wari wakishaoga na kunyolewa wanaongozwa kwenda kwa mama zao, hawageuki nyuma. Wanaume wote wanafuata, wanaimba. Anabaki mmoja kuchoma kumbi na nguo za zamani. Sijui kwenu."

"Ni vivyo hivyo. Anabaki mkuu wa kumbi. Moto ule hauguswi na mtu mwingine."

"Kwa hiyo siku ile ulibaki wewe."

Isihaka aligusa kifungo cha shingoni. "Nilibaki. Nilichoma, nikaondoka. Nadhani yule kijana alinyemelea baadaye."

"Nadhani," Habakuki alikubali, akiandika. "Nasikia mzee uliwahi kuwa mshauri wa mahakama."

"Mahakama ya Mwanzo, miaka minne. Ndiyo maana sheria naiheshimu."

Habakuki akamgeukia mama. "Mama, Mwinjuma alizaliwa mwaka gani?"

Kisu kilisimama. "Kaka ameshasema."

"Nakuuliza wewe uliyemzaa."

"Kaka ndiye anayejua miaka," Swaumu alisema. Alimenya muhogo mwingine wote, akautupia sufuriani, halafu akauliza bila kuinua uso, "Anakula?"

"Anakula, mama."

"Ana aibu sana yule. Waambie wampe ndoo yake. Wasimwogeshe na watu."

"Swaumu!" Isihaka hakupaza sauti, lakini kuku aliyekuwa karibu na mguu wake aliruka. "Nenda kaangalie mboga jikoni."

Mama akainuka akaenda. Habakuki aliona kuwa jikoni hapakuwa na moshi.

*

Shule ya msingi ilikuwa mwendo wa nusu saa kwa miguu, akaamua kwenda kwa miguu ili afikiri. Mwalimu mkuu, Jonathan, alikuwa Msambaa kama yeye, na baada ya salamu ndefu za kwao milimani alifungua kabati lililojaa mchwa na madaftari.

"Mwinjuma wa Swaumu aliandikishwa Januari sitini na sita," alisema.

"Akiwa na miaka mingapi?"

"Nani alijua? Wote walikuja bila karatasi."

"Mjomba wake anasema alikuwa kijana mkubwa. Kwa hesabu yake, mwaka huo alikuwa na miaka kumi na minne."

"Inawezekana. Miaka ile nilikuwa na wanafunzi wa darasa la kwanza wanaonyoa ndevu." Mwalimu alicheka, kisha akaona mgeni wake hacheki. Habakuki alihisi safari yake imeishia hapo. Njia yake moja ilikuwa imefungwa na ndevu za watu wengine.

"Ulikuwa unawapokea kwa kipimo gani?"

"Kipimo cha sikio, Inspekta, si kama wewe ulivyopimwa? Mtoto anapitisha mkono juu ya kichwa, anajaribu kushika sikio la upande wa pili. Asipofika, anarudi nyumbani akakue." Jonathan alirudi kwenye kabati. "Na waliorudi niliwaandika. Mama zao walikuwa wakorofi. Mwaka unaofuata wanakuja kusema mtoto amerudishwa mara tatu."

Akavuta daftari jembamba lililofungwa kwa kamba ya katani. Walipekua pamoja, vichwa vikigusana. Januari 1965, mstari wa tisa: *Mwinjuma, mama Swaumu. Mkono haujafika.* Januari 1966, mstari wa nne: *Mwinjuma, mama Swaumu. Umefika kwa shida.*

"Mtu wa miaka kumi na mitatu anaweza kushindwa kushika sikio lake?"

"Hata wa minane hashindwi. Huyu alikuwa na sita. Mwaka uliofuata alikuwa na saba, minane nikizidisha."

Habakuki alihesabu kwa vidole chini ya meza kama mtoto. Agosti ya mwaka wa sabini: kumi na mmoja, kumi na miwili. Kijana alikuwa amesema kweli kuhusu umri. Ila ubavuni mwa ile kweli kulikuwa na kitu kingine kilichokuwa kikimkwaruza tangu Korogwe, na pale, huku mwalimu akifunga kamba ya katani, kikamjia chote kwa pamoja.

Ndoo.

Abdi alidhani ni maringo. Mama alisema ni aibu. Mwanamume wa Kizigua, Mwislamu, ambaye leo ana miaka kumi na minane, ana kitu gani mwilini cha kuwaficha wanaume wenzake bombani? Kimoja tu.

Habakuki aliketi tena. Njia ya mwongo ni fupi, ndivyo wasemavyo, na ya Isihaka ilikuwa imeishia kwenye ndoo ya maji. Kama Mwinjuma hajapita jando mpaka leo, basi hakuna mjomba aliyemshika mwaka wa sitini na tisa. Na kama siku ya moto alikuwa bado msungo, hakuweza kufika kumbini. Habakuki alikumbuka fimbo aliyopigwa utotoni kwa kukaribia tu njia ya kumbi la kaka zake. Msungo hasogei pale, wala kijinga cha moto ule hakishiki. Kiapo cha mjomba kilianguka, na ungamo la mpwa likaanguka juu yake. Na kwenye moto ule, kwa maneno ya Isihaka mwenyewe yaliyojaa fahari, alibaki mtu mmoja.

Alimwomba mwalimu daftari lile, akamwandikia hati ya kulipokea. Hakufurahi. Alimfikiria mjomba wake mwenyewe, mikono iliyomziba macho siku ya jando lake, na harufu ya tumbaku ya mikono ile. Hakuna mtu aliyemwamini duniani kama alivyoiamini mikono ile, na alijua Mwinjuma naye alikuwa na mikono aliyoiamini vile vile.

*

Alhamisi mchana Mwinjuma aliletwa Handeni. Habakuki alimtoa Abdi chumbani, akafunga mlango, akaweka karatasi ya kwanza mezani.

"Unajua kusoma. Soma."

Mwinjuma alisoma kwa kidole. Kidole kilipofika kwenye *miaka kumi na minane*, kilirudi nyuma, kikaanza tena. Lile tabasamu likabaki usoni bila kazi.

"Hii si ya mjomba."

"Sahihi ni yake. Nimekaa naye jana."

"Haiwezekani. Mjomba ndiye aliyeniambia..." Alifunga mdomo.

"Alikuambia ukikamatwa useme ni wewe. Mtoto hapelekwi kitanzini, sheria inatazama umri wa siku ile. Hakukudanganya, ndivyo ilivyo. Alijifunza alipokuwa mshauri wa mahakama. Ila hakukuambia kwamba siku ukikamatwa, umri huo atakunyang'anya yeye."

"Afande unanitega."

"Soma mstari wa chini. Anasema ulitoka jando mwaka wa sitini na tisa. Anasema alikushika yeye."

Mwinjuma alicheka, kicheko kifupi kikavu. Kisha akainamisha uso mpaka paji likagusa karatasi, na mabega yakaanza kutikisika. Habakuki alitazama ukuta mpaka yalipotulia.

"Sikuulizi kwa kukuaibisha," alisema. "Bado, siyo?"

"Bado," Mwinjuma alisema, uso ukiwa mezani. "Nilikuwa niingie mwaka wa sabini na moja. Aliponipeleka Mpale alisema nisithubutu kwenda hospitali peke yangu kama yatima asiye na mtu. Alisema, mjomba wako yupo, nitakuja kukuchukua, nitakushika mwenyewe. Kila kiangazi nilikuwa nashuka barabarani kutazama. Viangazi sita, afande. Wenzangu shambani wanaoa, mimi natafuta mto wa kuoga peke yangu."

"Hakuja hata mara moja?"

"Alituma salamu."

Habakuki alijitahidi sauti yake isipande. "Msungo hafiki kumbini, Mwinjuma. Kijinga ulikitoa wapi?"

Kijana aliinua uso, akaikunja pembe ya karatasi.

"Ukienda kwenye mahakama ya watoto, afisa wa ustawi wa jamii atakwenda nyumbani kwake kuuliza nani alikulea na nani alikutuma. Mjomba wako anayajua hayo, alikaa mahakamani miaka minne. Tanga hawatakwenda nyumbani kwake. Watachukua ungamo lako na karatasi hii, basi. Kikulacho ki nguoni mwako."

"Na mama? Mama anasemaje?"

Habakuki alitamani swali hilo lisingekuja. Akaiweka karatasi ya pili. Mwinjuma hakusoma maneno. Aliitazama ile alama ya wino mweusi, duara lililopasuliwa katikati na mstari mweupe, akaufuata mstari ule kwa ukucha.

"Huu ni mundu," alisema pole pole. "Alijikata siku tukivuna mtama. Nilimfunga mimi, kwa kitambaa cha kanga."

"Alikuwa mbele ya kaka yake. Aliogopa. Lakini aliniomba kitu kimoja: upewe ndoo yako. Bila neno hilo nisingejua chochote."

"Ndoo," Mwinjuma alisema. "Mama ameniombea ndoo."

Nje, Abdi alikuwa anajibizana na mtu juu ya baiskeli. Walimsikiliza wote wawili mpaka akamaliza.

"Daktari atakuja kesho asubuhi," Habakuki alisema. "Ni mwanamume, na mlango utafungwa. Ataandika alichokiona, basi. Daftari la mwalimu ninalo. Saa nne hakimu atakaa, na mimi nina hakika atakaa kama mahakama ya watoto. Umri wako nimeshaupata bila wewe. Ila nani alichoma, hilo sina shahidi isipokuwa wewe. Ukinyamaza, utahukumiwa kama mtoto kwa moto wa mtu mwingine, na yeye atabaki na kijiji chake."

"Alisema ghala likiungua watu watarudi mashamba ya zamani," Mwinjuma alisema. Sauti ilikuwa ya chini, haikutetemeka. "Hakutaka kijiji. Alikuwa analia usiku kwa ajili ya makaburi ya wazee tuliyoyaacha. Mimi nilikuwa natoka kisimani, nikamwona anakuja na kijinga kutoka njia ya kumbi. Naye akaniona. Mzee Sadala alipiga kelele mara mbili. Mjomba alinishika hapa," akagusa shingo yake, "akaniambia, umeshaona, sasa nisaidie. Nikamsaidia, nikakubali anipeleke Mpale, kosa liwe langu. Ni mjomba wangu."

"Sasa ndiye mwenyekiti wa kijiji kile kile."

"Sikujua. Huko Mpale hakuna aliyeniambia."

Habakuki akachukua karatasi mpya, akaandika tarehe juu. "Kesho utayasema haya mbele ya hakimu mwenyewe. Leo nataka niyaandike nisikosee. Umri wa siku ya tukio?"

"Kumi na miwili."

"Aliyewasha moto?"

Mwinjuma alikuwa bado anatazama alama ya dole. "Igeuze kwanza hiyo ya mama," alisema.

Habakuki aliigeuza, maandishi yakalala chini.

"Andika Isihaka."

Kalamu ilisubiri. Mchana kutwa neno *mjomba* lilikuwa halikauki mdomoni mwa kijana yule, na Habakuki aliliachia nafasi kidogo mbele ya jina. Halikuja. Akaliandika jina peke yake.